Isolcpus si dawa ya kila seva

Leo sina maneno matamu. Kuna ugonjwa umewaingia mafundi wa seva hapa mwambao, na dalili yake ni neno moja: isolcpus. Ukilalamika kwamba mfumo unakwenda polepole, unaambiwa "tutakutengea viini vya prosesa." Ukiuliza vinatengewa nani, unatazamwa kama mtu aliyeshuka kwenye basi asubuhi hii.

Msimamo wangu ni mmoja, na nautoa mapema ili asiye na nafasi aende zake. Kiini cha prosesa hutengwa kwa kazi moja tu: ile ambayo kuna kitu nje ya mashine kinangoja jibu lake, na kitu hicho hakiwezi kuvumilia kuchelewa. Kazi nyingine zote ziishi pamoja na zipokezane. Anayetenga kiini bila kujua nani anangoja anawanyang'anya wengi asimpe yeyote.

Kwa wale ambao hawajawahi kuigusa kerneli ya Linux, nieleze kidogo.

Ndani ya kerneli kuna mpanga zamu. Kazi zikiwa mia na viini vikiwa vinne, yeye ndiye anayeamua nani akae kwenye kiini gani, kwa muda gani, na nani ahamishwe kutoka kiini kilichojaa kwenda kilicho kitupu. Mwaka 2007 alikuja mpanga zamu aitwaye CFS, na mwaka 2023, kwenye kerneli 6.6, akaja mrithi wake, EEVDF. Wote wawili wana tabia moja: ni waadilifu. Hakuna anayeachwa bila zamu.

Lakini haki si sawa na kuwahi. Ili jirani apate zamu yake, kazi yako itasimamishwa katikati. Saa ya kerneli nayo inagonga mara 100, 250 au 1000 kila sekunde, kutegemea kerneli ilivyojengwa. Kadi ya mtandao inabisha hodi kila pakiti zinapofika. Hodi hizo ndizo tunazoziita interapti. Kila moja inakula mikrosekunde chache, na mara moja moja inakula nyingi.

Hapo ndipo isolcpus inapoingia. Ni kigezo kinachoandikwa kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Kinamwambia mpanga zamu: viini hivi visahau. Usimpeleke mtu huko, na usimhamishe atakayewekwa huko kwa mkono. Kuanzia hapo, kazi haiingii kwenye kiini hicho mpaka mtu aipeleke mwenyewe, kwa amri kama taskset.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo mafundi wengi wanayoiruka.

Kuna zahanati moja ya mwambao, sitaitaja, iliyokuwa na seva ndogo ya viini vinne: hifadhidata ya wagonjwa, programu ya usajili, na mambo mengine mawili matatu. Mfumo ukawa mzito. Akaletwa fundi wa kampuni moja, nayo sitaitaja. Akaandika `isolcpus=2,3`, akawasha upya, akalipwa, akaenda. Nilipoitwa wiki kadhaa baadaye, kina mama walikuwa kwenye foleni dirishani na watoto mgongoni, na karani anangoja skrini ifunguke. Viini 0 na 1 vilikuwa vinawaka moto kwa asilimia mia. Viini 2 na 3 vilikuwa sifuri. Hakuna kazi hata moja iliyopelekwa kule, kwa sababu fundi aliondoa viini kwenye zamu halafu hakumpa mtu. Zahanati ililipa pesa ili nusu ya mashine yake ilale.

Nikafuta mstari, nikawasha upya. Foleni ikaanza kusogea.

Ni sawa na kukodi tuktuk mbili zisimame nje ya soko la Malindi kutwa nzima, na hakuna abiria aliyeambiwa apande. Watu wanatembea juani, tuktuk zimekaa kivulini, na mwenye mali anajisifu kwamba ana usafiri wa haraka.

Kuna kosa la pili, nalo ni la wale wanaojiona wamekwisha elewa. Mtu ana programu ya nyuzi nane. Anatenga viini vinne, anaipeleka programu kwenye vyote vinne kwa mpigo, anangoja nyuzi zijigawe mbili mbili. Nani atazigawa? Mgawaji ni yule yule mpanga zamu ambaye umemfukuza. Kwenye viini vilivyotengwa kwa isolcpus hakuna kusawazisha mzigo, kwa hiyo nyuzi zote nane zinaweza kurundikana kwenye kiini kimoja, na vitatu vikabaki vinatazama. Kila uzi unatakiwa uelekezwe mmoja mmoja na mwandishi wa programu. Na hili si siri ya wachache. Nyaraka za kerneli yenyewe zimeweka alama kwamba isolcpus ni njia iliyopitwa na wakati, na zinamwelekeza msomaji atumie cpuset, ambayo inaweza kubadilishwa mashine ikiwa inatembea. Fundi anayekuuzia isolcpus kama uvumbuzi mpya hajasoma hata mstari wa kwanza wa maelezo yake.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo porojo zinapokufa.

Kutoka Malindi hadi Nairobi ni kama kilomita 600 kwa barabara. Nuru ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda tu ni milisekunde 3, na kwenda na kurudi ni 6, kabla ruta yoyote haijagusa pakiti. Milisekunde 6 ni mikrosekunde 6,000. Kama tovuti yako iko Nairobi na mteja wako yuko Shella, na wewe unauza ufundi wa kuokoa mikrosekunde 5 kwenye kerneli, unapangusa vumbi kwenye kioo cha gari lisilo na magurudumu.

Historia yetu wenyewe inatufundisha hili. Kabla ya kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti cha Kenya, KIXP, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi hiyo hiyo ilipanda setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikapanda setilaiti tena kurudi nyumbani. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu. Kila mruko wa kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde. Miruko miwili ya kwenda na miwili ya kurudi, umepoteza karibu sekunde nzima kwa umbali peke yake. KIXP kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na serikali baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikarudi mwaka 2002. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ikatua Mombasa. Ucheleweshaji uliokuwa unatuumiza uliondolewa na watu waliopigania waya na swichi, kwa sababu walijua ulipo. Waliuliza kwanza: muda unapotelea wapi?

Swali hilo linagawa kazi zote za kompyuta kwenye makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kazi zinazoweza kungoja. Tovuti, mfumo wa hoteli, hifadhidata ya shule, programu ya duka. Binadamu aliye mbele ya skrini hatambui milisekunde 2. Hawa wanahitaji viini vyote vifanye kazi, kumbukumbu ya kutosha, na mtu wa kuweka faharasa kwenye hifadhidata. Kutenga kiini hapa ni hasara tupu.

Ndani ya kundi hili kuna kazi zinazojifanya haziwezi kungoja, na zinawadanganya hata wataalamu. Chukueni mfano wa majirani zetu. Ukitoka Shella ukaelekea kaskazini utafika Ngomeni, kwenye Kituo cha Anga cha Luigi Broglio. Kutoka jukwaa lake la baharini Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya X kutoka angani. Baadaye antena za kituo hicho zilipokea data za setilaiti kama AGILE, iliyofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2024. Setilaiti ya mzunguko wa chini namna hiyo inapita juu ya upeo wako kwa kama dakika kumi, halafu imekwenda. Haikusubiri.

Mtu atasema: basi kupokea data za setilaiti ndiyo kazi ya kutengewa kiini. Taratibu. Tuseme kipokezi kinaleta sampuli milioni 20 kwa sekunde, kila moja baiti 4. Hizo ni megabaiti 80 kwa sekunde. Ukiweka bafa ya megabaiti 1, itajaa kwa milisekunde 12.5, na mpanga zamu akikuchelewesha zaidi ya hapo data imemwagika baharini. Lakini ukiweka bafa ya megabaiti 800, ambayo hata simu ya mkononi ina kumbukumbu ya kuibeba, una sekunde 10 nzima za usalama. Setilaiti haingoji, lakini data ikishaingia ndoo inangoja bila matata. Kila mtu wa Shella anajua hili kwenye maji: mfereji ukitoka kwa saa mbili tu, unatafuta tangi kubwa. Huajiri mtu wa kukaa na kikombe chini ya mfereji.

Kundi la pili ni kazi zinazoweza kungoja kidogo tu. Mpiga kinanda wa taarab anayetoa sauti kwenye kompyuta yuko hapa. Sauti ikienda kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ni ya sampuli 256, programu ina milisekunde 5.3 za kutayarisha kipande kinachofuata. Ikikosa, spika inakwaruza mbele ya bibi harusi. Ndoo kubwa haimsaidii, kwa sababu akibonyeza leo sauti isije kesho. Lakini hata huyu hahitaji kiini chake peke yake. Anahitaji kipaumbele: SCHED_FIFO kwa uzi wa sauti, na kerneli yenye PREEMPT_RT. Kazi hiyo ya PREEMPT_RT ilichukua kama miaka ishirini nje ya kerneli kuu, na ikaingizwa rasmi kwenye kerneli 6.12, Novemba 2024. Ni bure, na viini vyote vinabaki kwenye zamu.

Kundi la tatu ndilo lenyewe. Mnara wa simu wa 4G umekata muda vipande vya milisekunde 1. Kwenye mfumo wa kawaida, simu ikituma kipande, mnara unatakiwa urudishe jibu la "kimefika" au "rudia" baada ya milisekunde 4, na ndani ya hizo lazima mawimbi yafumbuliwe na hesabu nzito ipigwe. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanywa na programu juu ya seva ya kawaida. Programu kama srsRAN na OpenAirInterface zinaifanya, na msimbo wake uko wazi. Hapa bafa haiponyi, maana bafa ndiyo ucheleweshaji wenyewe. Uadilifu wa mpanga zamu nao hauponyi. Wenye simu wanaounganishwa na mnara huo hawajui habari za zamu yako. Wanajua laini imekatika. Hapa tenga kiini, tena tenga bila aibu.

Lakini ukitenga, tenga kweli kweli. Nusu kutenga ni kufunga mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi. Mstari wenyewe unakaribiana na huu:

`isolcpus=domain,managed_irq,2-3 nohz_full=2-3 rcu_nocbs=2-3 irqaffinity=0-1`

Neno domain linakiondoa kiini kwenye kusawazisha mzigo. Neno managed_irq linajitahidi kuzuia interapti ambazo kerneli inazipanga yenyewe. Kigezo nohz_full, kilichoingia kwenye kerneli 3.10 mwaka 2013, kinanyamazisha saa ya kerneli, kwa sharti kwamba kwenye kiini kuna kazi moja tu inayotaka kukimbia. Ukiweka mbili, saa inarudi kugonga, kwa sababu lazima mtu agawe zamu. Kigezo rcu_nocbs kinahamisha usafi wa ndani wa kerneli kwenda viini vya nyumbani. Na irqaffinity inazielekeza hodi za vifaa kwenye viini 0 na 1. Baada ya hapo fungua `/proc/interrupts`, utazame safu ya kiini chako. Namba zikiendelea kupanda, bado kuna mtu anapita uani.

Hata ukifanya yote hayo, kuna wageni ambao kerneli haiwezi kuwazuia. Viini viwili unavyoviona vyaweza kuwa pacha ndani ya kiini kimoja cha kweli. Ukitenga mmoja ukamwacha ndugu yake afanye kazi za watu, wanagombania jiko moja. Kache kubwa na njia ya kumbukumbu ni za wote. Na ubao wa mashine una interapti zake za siri, SMI, zinazosimamisha prosesa nzima bila kuiarifu kerneli. Ukiwa na mashine yenye SMI mbaya, hakuna kigezo cha kerneli kitakachokuokoa. Utabadilisha mipangilio ya BIOS au utabadilisha mashine.

Utajuaje? Kwa kupima. Na hapa fundi hana kisingizio, vifaa ni vya bure. Kuna cyclictest, mkongwe wa miaka mingi. Kerneli 5.14 ya mwaka 2021 ilileta osnoise na timerlat, kazi ya Daniel Bristot de Oliveira, Mbrazili aliyefariki mwaka 2024 na kutuachia njia ya kumwona mwizi wa mikrosekunde kwa jina lake. Kifaa cha rtla kinavitumia vyote viwili kwa amri moja. Pima saa nzima mashine ikiwa na mzigo wake wa kawaida, siyo usiku wakati hakuna mtu. Na usiniletee wastani. Nahodha hazami kwa mawimbi ya wastani. Niletee ucheleweshaji mbaya kuliko wote uliotokea, kabla na baada.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema: "Makampuni makubwa yanafanya hivi." Ndiyo, na yana mashine za viini 64 na watu wa kuzipima kila siku. Kutoa 2 kwenye 64 si sawa na kutoa 2 kwenye 4.

Wa pili atasema: "Haidhuru, ni mstari mmoja tu." Kina mama wa zahanati wanajua kama haidhuru.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemheshimu, atasema: "Basi unatukatisha tamaa, mambo ya latensi tuwaachie wenye pesa wa Chicago?" Hapana, ndugu yangu. Nataka kinyume chake. Nataka kijana wa Malindi aweze kuendesha mnara wa simu wa kijiji juu ya kompyuta ya kawaida, na ajue kwa nini kiini namba 3 hakiguswi. Atafika huko kwa kuelewa, na akiendelea kunakili mistari kutoka kurasa za watu hafiki. Ujuzi ulionakiliwa bila kupimwa unauzwa mara moja tu. Mteja akigundua, anatufungia mlango sote, pamoja na yule aliyejua kazi.

Basi kwa wenye seva, kabla hamjalipa shilingi, mwulizeni fundi maswali matatu. Nani, nje ya mashine hii, anangoja jibu, na anaweza kungoja milisekunde ngapi? Kazi gani, kwa jina, itaingia kwenye kiini unachokitenga? Na ucheleweshaji mbaya kuliko wote ulikuwa ngapi kabla, na sasa ni ngapi?

Asiyeweza kujibu yote matatu, mpeni chai, mumshukuru kwa kufika, mumwonyeshe njia ya stendi.